Kiswahili Kisizuiliwe Langoni mwa Monasteri

Limezuka baina yetu walimu wa Kiswahili wa hapa Kigali neno ambalo lisipojibiwa mapema litaota mizizi. Neno lenyewe ni hili: kwamba Kiswahili ni lugha nzuri ya soko, ya kituo cha mabasi, ya askari na ya mpira, lakini mtu akitaka kueleza kanisa la kale, na hasa kanisa la fahari lililojaa nakshi na sanamu za watakatifu, heri aazime Kifaransa. Wanaolisema hilo si maadui wa lugha. Ni walimu, tena baadhi yao ni hodari kunishinda. Ndiyo maana sikuona vyema kunyamaza.

Chanzo cha mjadala kilikuwa kidogo. Katika kikao cha kuandaa mazoezi ya ufahamu, mwenzetu mmoja alileta habari ya ziara katika monasteri ya Guadalupe nchini Hispania. Alikuwa ameisoma katika kitabu cha Kifaransa, akaiandika upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Ikakataliwa kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba Kiswahili hakina majina ya sehemu za kanisa la namna hiyo, na mwanafunzi atachanganyikiwa. Ya pili ilisemwa kwa sauti ya chini kidogo: kwamba lugha iliyojaa Kiarabu haikai vizuri kinywani mwa mtu anayesimulia makao ya watawa wa Kikatoliki. Badala ya ziara hiyo tukapewa habari ya mechi ya mpira, ya tatu kwa muhula huo.

Nianze na hoja ya kwanza, maana ndiyo nyepesi kuipima: tuizuru hiyo monasteri kwa Kiswahili, tuone tutakwama wapi. Mimi sijakanyaga Hispania, na sidhani mshahara wangu utanifikisha huko upesi. Lakini hata bahari wanafunzi wangu wengi hawajaiona, nasi huwafundisha mashairi yenye ngalawa na pepo za kusi bila ya mtu kututaka tuonyeshe tiketi ya safari. Picha na maandishi yametosha.

Guadalupe ni mji mdogo wa milimani katika jimbo la Extremadura, magharibi mwa Hispania. Monasteri yake ilikua katika karne ya 14 kwa hisani ya mfalme Alfonso wa 11. Mwaka 1389 ilikabidhiwa kwa watawa wa shirika la Mtakatifu Yeronimo, wakakaa humo hadi mwaka 1835, na tangu mwaka 1908 inatunzwa na Wafransisko. Kwa mbali jengo lafanana na ngome: minara, kuta nene, paa juu ya paa. Kutoka uwanja wa mji ngazi pana hupanda hadi kwenye milango iliyofunikwa mabamba ya shaba yenye michongo. Ndani kuna nguzo, na juu ya nguzo kuna matao, na mbele kabisa, nyuma ya altare, umesimama ukuta mrefu wa mbao uliochongwa na kupakwa dhahabu. Ukuta huo umegawanywa safu juu ya safu. Kila safu ina vidaka. Katika vidaka zimewekwa sanamu za watakatifu, na kati ya kidaka na kidaka pana picha za rangi. Katikati yake yumo Bikira Maria mwenye uso mweusi, sanamu ya mti wa mwerezi, aliyevikwa joho la thamani. Katika sakristia mna picha nane za mchoraji Francisco de Zurbarán, zilizochorwa katika karne ya 17, nazo zaonyesha watawa wa nyumba hiyo katika kanzu zao nyeupe. Ukitoka hapo waingia katika ua wa mraba uliozungukwa na baraza za ghorofa mbili, zenye matao ya umbo la kiatu cha farasi. Katikati ya ua kuna kijumba cha matofali na vigae, chenye paa lililochongoka, kilichojengwa mwanzoni mwa karne ya 15. Chini yake pana chemchemi.

Basi tumekwama wapi? Ukiacha majina ya mahali na ya watu, maneno tuliyoyapata Ulaya kwa njia ya kanisa ni matatu: monasteri, altare na sakristia. Hayo matatu Kifaransa nacho hakikuyazaa. Kiliyarithi kutoka Kilatini, na moja lao Kilatini kiliazima kwa Wagiriki. Yaliyobaki yote ni maneno ya nyumba zetu wenyewe. Kidaka ni neno la mafundi wa pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu kuta za vyumba vya ndani zina safu za vidaka vya chokaa, vilivyochongwa kwa ustadi mkubwa, vya kuwekea vyombo vya kauri na vitabu. Baraza yajulikana na kila aliyepita mtaa wa Waswahili. Nakshi, michongo, tao, nguzo, kuba, mnara: lugha hii imeishi na mawe na chokaa kwa karne nyingi, na mtu akiniambia kwamba haiwezi kueleza jengo, nitamwuliza kama amewahi kusimama mbele ya mlango mmoja wa Zanzibar na kuutaja kipande kwa kipande, kutoka kizingiti hadi mfaa.

Tatizo halimo katika lugha. Limo katika daftari zetu za masomo. Hapa Kimihurura tunaye shahidi mkubwa asiyefichika: jumba la mikutano la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo kuba lake huwashwa taa za rangi usiku na kuonekana kutoka vilima vingi vya mji. Umbo lake limetokana na nyumba ya mfalme ya Nyanza. Wanafunzi wangu hupita chini yake kila siku. Niliwauliza jina la sehemu ile ya juu iliyo mviringo. Mmoja akasema "kofia". Wa pili akatoa neno la Kifaransa. Binti mmoja anayetoka Nyamirambo akasema, "Ni kuba, mwalimu, kama ya msikiti." Darasa likacheka. Kisha mvulana aliyekaa nyuma akauliza swali ambalo lilinikaa moyoni: je, kanisa likiwa na kitu hicho, nacho kitaitwa kuba, au kuna neno jingine la Wakristo?

Swali la kijana huyo ndilo hoja ya pili ya wenzetu, ila yeye aliliuliza kwa nia safi.

Nami najibu kwa kurudi Hispania. Neno la Kiarabu *qubba*, lililotupa sisi kuba, liliwapa Wahispania *alcoba*, chumba cha kulala. *Manara*, lililotupa mnara, liliwapa *alminar*. Mwashi kwa Kihispania ni *albañil*, na kigae cha rangi ni *azulejo*. Yote mawili ni Kiarabu kitupu. Sukari yao ni *azúcar*, na chungwa lao, *naranja*, ni ndugu wa narinji yetu. Mhispania akitamani jambo litokee husema *ojalá*, neno lililozaliwa katika msemo wa Kiarabu wenye jina la Mungu ndani yake, jamaa ya inshallah tunayoisikia Nyamirambo. Hakuna askofu aliyelikataza. Teresa wa Ávila, mtawa mwanzilishi wa nyumba nyingi za Wakarmeli katika karne ya 16, aliandika vitabu vyake vya sala kwa lugha hiyo hiyo iliyojaa Kiarabu, na Kanisa likamtangaza kuwa mwalimu wake mwaka 1970.

Na hiyo Guadalupe yenyewe? Mwanzo wa jina lake ni *wadi*, mto au bonde kwa Kiarabu. Yaani mojawapo ya mahali patakatifu pa Bikira Maria panapoheshimiwa mno Hispania panaitwa kwa neno la Kiarabu, na watawa hawakuona haja ya kulibatiza upya. Yale matao ya umbo la kiatu cha farasi uani ni ya mtindo uitwao Mudéjar, yaani ufundi wa Waislamu waliobaki chini ya wafalme Wakristo, pamoja na Wakristo waliojifunza kutoka kwao. Historia hiyo haikuwa ya upole. Granada ilianguka mwaka 1492, Wayahudi wakafukuzwa mwaka huo huo, na kati ya mwaka 1609 na 1614 wakafukuzwa hata wazao wa Waislamu waliokwisha kubatizwa. Watu walifukuzwa, maneno yakabaki. Hata wale waliokuwa na nguvu ya kuhamisha watu kwa malaki hawakuthubutu kuutoa mnara katika kamusi. Sasa mwalimu wa Kigali, asiye na jeshi wala merikebu, ataka kufanya kazi iliyowashinda wafalme wa Hispania!

Lakini ya nini kwenda mbali hivyo? Mkristo wa Rwanda anayefanya ishara ya msalaba kwa Kinyarwanda anafanya ishara ya *umusaraba*. Anamtaja *Roho Mutagatifu*. Anasimuliwa habari za *malayika*, anaonywa juu ya *shitani*, na anashika *igitabo* mkononi. Msalaba, roho, malaika, shetani, kitabu: yote matano yametoka Kiarabu, na yalifika kwenye vilima hivi kwa mkono wa Kiswahili. Anayesema Kiswahili hakiingii kanisani amechelewa kwa zaidi ya miaka mia moja. Kilikwisha kuingia, kikaketi benchi la mbele, na yeye mwenyewe husali nacho kila Jumapili bila kujua.

Hofu hii ina historia, nasi tunaofundisha lugha yafaa tuijue badala ya kuirithi. Mapadri Weupe, wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, walifungua misheni yao ya kwanza nchini huko Save mwezi wa Februari mwaka 1900. Serikali ya Wajerumani ilikitumia Kiswahili katika kazi zake. Wamisionari walikiogopa, kwa kuwa walikiona kuwa njia ya Uislamu, wakashikamana na Kinyarwanda. Kwa kazi waliyoifanyia lugha ya taifa hili sina la kuwalaumu: mtambo wa uchapaji wa Kabgayi na gazeti la *Kinyamateka*, lililoanza mwaka 1933, ni urithi wetu sote. Lakini mapadri wa shirika lile lile, ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, walikuwa wakifundisha katekisimu kwa Kiswahili. Je, Uislamu ulikuwa ndani ya lugha upande wa mashariki tu, na ulipovuka maji ukadondoka? Kisha wakaja Wabelgiji, wakawatenga wasemaji wa Kiswahili katika mtaa wao huko Biryogo, ulioitwa hata kwa jina "Camp Swahili". Lugha ikawekewa ua. Waliouweka wamekwisha ondoka, na sheria ya mwaka 2017 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Ajabu ni kwamba sisi tunaolipwa kuifundisha ndio tunaoendelea kuukarabati ua huo.

Kuna kisa kimoja cha pwani ambacho wenzangu wa kikao kile wangekitafakari. Kati ya mwaka 1580 na 1640 Ureno ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania. Kwa hiyo ngome ya Mombasa, Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilijengwa katika enzi ya Felipe wa Pili, mfalme yule yule aliyejijengea monasteri kubwa ya El Escorial karibu na Madrid. Mwaka 1597 watawa wa Kiagostino wakafungua nyumba yao mjini Mombasa. Basi iliwahi kuwako, katika mji wa Waswahili, nyumba ya watawa chini ya taji la Hispania. Haikudumu. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Waagostino huko Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, aliasi mwaka 1631, akaitwaa ngome, na Wareno pamoja na wenyeji waliobatizwa wakauawa.

Nyumba ile ya watawa ikapotea. Lilibaki neno. Kanisa kwa Kireno ni *igreja*, na wajuzi wa lugha hutuambia kwamba ndilo lililotupa sisi "gereza". Kwanza lilimaanisha ngome, kwa kuwa kanisa lilikuwa ndani ya ngome; baadaye, ngome zilipofanywa mahabusi, likamaanisha kifungo. Fort Jesus yenyewe ilikuwa gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958. Unguja, ile Ngome Kongwe iliyoko Forodhani ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Mimi naona katika neno hilo moja hukumu kali kuliko hotuba yoyote: watu waliolitazama kanisa kutoka nje, juu ya ukuta wenye mizinga, walilipa jina kwa jinsi walivyoliona. Wakati huo huo neno *padre* lilipata bahati njema, kwa sababu padri alitoka nje akaonekana mtu.

Waliokuja baadaye walijifunza. Askofu Edward Steere wa Zanzibar, ambaye kanisa lake kuu la Mkunazini liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, alikaa na wenyeji akajifunza kutoka kwao, kisha akatafsiri na kupiga chapa. Padri Charles Sacleux, wa shirika lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, aliwaachia Wafaransa kamusi ya Kiswahili iliyoanza kutoka mwaka 1939, na hadi leo mtafiti wa lahaja zetu hawezi kuikwepa. Nawaomba wapenzi wa Kifaransa wakumbuke hilo: mmoja wa waliokitukuza Kiswahili mbele ya Wafaransa alikuwa padri, na kitabu chake hakina haya hata kidogo juu ya Kiarabu. Na ukitaka kuona monasteri zinazoishi kwa Kiswahili, nenda Peramiho au Ndanda, kusini mwa Tanzania, kwa Wabenediktini. Huko abate ni abate, abasia ni abasia, na viwanda vyao vya uchapaji vimetoa vitabu vya Kiswahili vingi kuliko idara nyingi za serikali ninazozijua.

Niseme neno pia kwa wenzetu wa upande wa pili, maana wapo. Hao wanataka altare ifutwe, sakristia ifutwe, kila kitu kipewe neno la asili ya Kiarabu au la Kibantu, la sivyo si Kiswahili fasaha. Madhabahu ni neno zuri nalo limo katika Biblia; lakini mwumini wa Songea, wa Bukavu na wa Mombasa husema altare, na lugha ni ya hao. Mimbari tunayo, hutumika msikitini na kanisani pia, wala waumini hawagombani. Mwalimu anayefuta neno analolitumia padri na mzee wa kanisa hana tofauti na yule anayefuta kuba kwa sababu ipo msikitini. Wote wawili wanapanga foleni langoni kumzuia mgeni mmoja.

Na mgeni huyo yuko njiani. Rwanda imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Watu hutujia kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura na Goma, na miongoni mwa mahali wanapotaka kupaona ni kanisa kuu la Kabgayi la mwaka 1925. Wanataka pia kufika Nyamata. Kanisa la Nyamata si la fahari. Ni jengo la matofali la kawaida, ambamo watu waliokimbilia waliuawa mwaka 1994, na mwaka 2023 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, orodha ambayo Guadalupe imo tangu mwaka 1993. Humo nguo za waliouawa zimelazwa juu ya mabenchi. Kitambaa cha altare kingali na madoa. Kijana wetu atakayesimama mlangoni kumweleza mzee wa Tanga au mama wa Uvira ahitaji maneno yaliyo sahihi na yenye staha: altare, benchi, ukuta, paa, kitambaa, doa. Atayapata wapi ikiwa kwa miaka 6 ya sekondari tumemfundisha "goli" na "bei gani"? Je, tutamwambia avitaje vitu hivyo kwa Kifaransa mbele ya watu wasiojua Kifaransa, kwa kuwa mwalimu wake aliona Kiswahili hakifai kuingia mle?

Nimelijibu swali la yule mvulana. Nilimwambia kuba ni kuba, iwe juu ya msikiti, juu ya kanisa au juu ya jumba la mikutano, nikaandika ubaoni *qubba*, *alcoba* na kuba, kimoja chini ya kingine. Wiki iliyofuata niliwapa ile habari ya Guadalupe iliyokataliwa, kwa ruhusa ya mwandishi wake. Walihitaji msaada kwa maneno manne: sakristia, kidaka, mwerezi na baraza. Kwa ile mechi ya mpira walikuwa wamehitaji msaada kwa matano.

Muhula ujao darasa langu litakwenda Kabgayi, na insha zitaandikwa kwa Kiswahili. Kikao chetu kitakutana tena kabla ya safari hiyo. Wanaoshikilia kwamba lugha hii haina maneno ya kanisa walete orodha ya vitu visivyo na jina, kimoja kimoja, kwa maandishi. Nitakuja na kalamu, na yule binti wa Nyamirambo nitamwomba aje nami.